Samaki wa Mama Katika Sufuria ya Kuazima

Jumapili ya pili ya Desemba. Kaaga, Meru.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na mlima haujajionyesha tangu Alhamisi. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Jua limetoka kidogo, nguo za kanisani ziko kwenye kamba, na mikono yangu inanuka samaki. Nimeiosha kwa sabuni, nikaiosha kwa ndimu, kisha kwa majivu. Bado. Nikiisogeza puani nashangaa kwamba harufu hii ni yangu.

Sijaandika kwenye blogu hii tangu mtihani uishe. Nilikuwa na la kuandika, niliogopa tu kuliona likiwa limeandikwa. Leo nitaandika yote jinsi yalivyofuatana, kwa sababu mchana huu nimetamka maneno ambayo sikujua kama ninayo.

Naanza na Mama.

Mama yangu anafanya kazi Ureno. Aliondoka nikiwa naingia kidato cha kwanza, na mwezi uliopita nimemaliza cha nne. Huko anamtunza mama mzee anayemwita Dona Lurdes. Anamwogesha, anampikia, anamshika mkono wakienda kanisani. Mimi nimebaki hapa na Cucu, ambaye ni mama yake Mama, na ng'ombe mmoja anayeitwa Baraka, na kishamba cha mahindi na viazi nyuma ya nyumba. Mama hupiga simu kila Jumapili saa tisa.

Mwezi wa kumi, nikiwa katikati ya kujiandaa kwa mtihani, aliniambia kwamba dada yake Dona Lurdes naye anahitaji msichana wa kumtunza, na kwamba amenitaja. Tungekuwa mtaa mmoja. Ningefika mwezi wa tatu.

Nilinyamaza. Mimi nikishtuka hunyamaza. Walimu wangu walijua hivyo, wakaacha kuniuliza maswali darasani. Mama akacheka kwenye simu, akasema, "Najua, furaha imekuziba mdomo." Tangu siku hiyo amekuwa akizungumza kana kwamba nilisema ndiyo. Amenitafutia koti la baridi. Amenionyesha kitanda kwenye picha. Na Jumapili iliyopita aliniambia kwamba kesho, Jumatatu, anapeleka karatasi zangu.

Kwa hiyo simu ya leo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kusema chochote.

Na ukweli ni kwamba hata mimi sikujua ningesema nini. Sikuwa nimekataa moyoni. Nilikuwa sijajiuliza.

Alhamisi nilitumwa Embu kuchukua mzigo. Kuna mwanamke anayeitwa Wawira, kwao ni Embu, anafanya kazi mji mmoja na Mama, na alikuwa amekuja nyumbani kwa Krismasi. Mimi sikuwa nimewahi kupita mji wa Nkubu peke yangu. Wawira alinisemesha Kiembu, nikamjibu kwa Kimeru, tukaelewana nusu, kisha tukahamia Kiswahili kama watu wawili wanaokutana darajani. Alinipa kitu kirefu kilichofungwa kwa taulo na magazeti ya Kireno.

"Usikiweke karibu na nguo zako," aliniambia. "Mimi sanduku langu lote limeharibika. Mama yako ananidai nini, jameni, hata sijui."

Nilipofika nyumbani nilikifungua juu ya meza. Kilikuwa bapa, chenye umbo la pembetatu, kigumu, cheupe kwa chumvi upande mmoja na ngozi ya kijivu upande wa pili. Nilikigonga mezani kikalia kama ubao.

Cucu akaingia na ndoo ya maziwa. Alikitazama kwa muda.

"Mama yako ametuma ngozi ya mbuzi," alisema. "Kwani huku zimeisha?"

Sikumcheka, kwa sababu ukiitazama haraka ilifanana kabisa na ngozi iliyowambwa juani ikakauka. Na Cucu ana mafua tangu mvua ianze, hangeweza kunusa. Nilijua ni samaki. Mama alikuwa ameniambia wiki nzima kabla. Nikanyamaza, na Cucu akasema basi niiweke stoo panya wasiitafune, akaenda kuchuja maziwa.

Lazima nieleze kuhusu Cucu na samaki. Hajawahi kula. Watu wa rika lake wengi hapa Meru hawajala. Anasema walipokuwa watoto, samaki walikuwamo mtoni na hakuna aliyeinama kuwavua, maana hao ni nyoka wa majini, na nyoka hakaribishwi penye ng'ombe na maziwa. Nikiwa darasa la tano nilikula omena kwa kina rafiki yangu, na Cucu alinisukutulisha mdomo uani kabla sijaruhusiwa kumkaribia ndama. Hakunigombeza. Alinipa tu kikombe cha maji, akasimama hapo hadi nikamaliza.

Lakini mimi nilitaka kumpika samaki huyu.

Nilifikiri hivi: nikiweza kula chakula cha huko, labda naweza kuishi huko. Najua si hoja nzito. Ndiyo niliyokuwa nayo. Na tena, hata bila hoja, nilitaka tu kujua. Kwa miaka minne Mama amekuwa akilitaja jina lake, bakalyau, bakalyau, kama watu wanavyotaja jirani yao. Bakalyau wa Krismasi, bakalyau wa Ijumaa. Nilitaka kumjua huyo jirani.

Nilisoma kwenye simu hadi betri ikaisha. Kumbe samaki mwenyewe hayuko katika bahari yao. Anatoka mbali kaskazini, kwenye maji ya barafu, na Wareno walikuwa wakimfuata huko kwa miezi, wakimpasua na kumtia chumvi hapo hapo ili asioze njiani. Siku hizi wana friji na bado wanamtaka wa chumvi. Hilo lilinishangaza sana. Katika somo la historia Wareno walikuwa watu wa ngome na mizinga tu, tunawakariri kwa ajili ya mtihani kisha tunawasahau. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Krismasi wanakula viazi vya kuchemsha, mayai, na majani yanayofanana na sukuma wiki, pamoja na samaki mkavu. Ukimtoa samaki, hicho ni chakula cha hapa kwetu kabisa.

Mama alinitumia maelekezo kwa sauti. Nimeyasikiliza mara nyingi mpaka nayajua kwa moyo.

"Gakii, sikia. Usimpike hivyo hivyo. Ni chumvi tupu. Mkate, mloweke, umbadilishie maji asubuhi, mchana na jioni. Siku mbili. Ukikosea hapo, hata mbwa atakukimbia."

Ijumaa Cucu alienda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilimkata samaki kwa panga juu ya gogo la kupasulia kuni, na vipande viliruka kama vya mbao. Nilivitia kwenye beseni, nikavifunika kwa maji ya tangi, nikalificha beseni stoo nyuma ya magunia ya mahindi. Jioni nilivitoa. Maji yalikuwa yamekuwa ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji mengi. Niliyamimina kwenye ndoo, nikatia mengine safi. Ndoo niliiacha mlangoni mwa stoo nikisema nitaimwaga shimoni giza likiingia.

Sikuimwaga. Nilirudi kwenye simu kusoma namna wanavyompika na mayai, na namna wanavyompika na krimu, nikasahau.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na sauti ya Baraka akinywa.

Nilitoka nikiwa na shuka mabegani. Cucu alikuwa amemshikia ndoo ile. Alikuwa ameiona mlangoni, akachovya kidole, akaonja, akakuta chumvi.

"Leo umenikumbuka," aliniambia, uso umefurahi. "Wiki nzima nasema nitanunua chumvi ya ng'ombe, kumbe wewe umeshaikoroga."

Baraka hakuwa amefika hata nusu ya ndoo. Nilikuwa na muda. Hilo ndilo ninalotaka kulikiri hapa, kwa sababu Cucu alilisamehe na mimi bado. Nilisimama pale mlangoni, nikahesabu mafunda yakishuka shingoni mwa ng'ombe, kila funda nikisema sasa nitasema, sasa nitasema. Alikunywa yote, akalamba ndoo, akainua kichwa kutazama kama kuna nyingine.

Cucu alinisifu tena wakati wa chai. Chai hiyo sikuimaliza.

Kufikia saa nne Baraka alikuwa amekunywa ndoo tatu za maji safi na anadai ya nne. Cucu alianza kuwa na wasiwasi. Alimpapasa tumbo, akamtazama macho, akasema hajawahi kumwona na kiu hivyo hata wakati wa kiangazi. Akaniambia nilete simu yake tumpigie daktari wa ng'ombe.

Nilileta simu. Sikumpa. Niliishika kwa mikono miwili.

"Cucu, si mgonjwa," nilisema. "Ile si ngozi. Ni samaki. Mama ametuma samaki. Na maji aliyokunywa Baraka ndiyo niliyomlowekea."

Cucu aliketi kwenye kigoda cha kukamulia.

"Samaki."

"Ndiyo, Cucu."

"Ng'ombe wangu amekunywa samaki."

"Maji yake tu."

"Na mchuzi wa mbuzi ni nini, kairitu? Si maji ya mbuzi?"

Huniita kairitu, msichana, akiwa amekasirika; akiwa na furaha huniita kwa jina. Alimtazama Baraka, ambaye alikuwa akicheua bila habari, kisha akanitazama mimi.

"Ulikuwa umesimama mlangoni. Nilikuona. Ulikuwa unangoja nini?"

"Sijui."

"Ng'ombe hana mdomo wa kuuliza ananyweshwa nini. Wewe unao, unautumia kwa chai peke yake." Alipenga kamasi kwenye leso, akaikunja, akaendelea. "Na huko kwa mama yako ukisimama mlangoni hivyo, wao watakunywesha nini?"

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, stoo, nikibadilisha maji.

Adhabu yangu ilikuwa hii. Cucu alisema maziwa ya siku hiyo hatauzia mtu, kwa sababu hawezi kumpa jirani kitu asichojua kina nini ndani. Na wateja wake wawili, mwalimu mmoja mstaafu aliye nyumba ya chini na Mama Zuhura aliye kando ya barabara, niende niwaambie mimi mwenyewe, na niwaambie sababu yote.

"Yote," alisema. "Usiseme ng'ombe hajisikii vizuri. Ng'ombe wangu usimsingizie."

Labda mtu mwingine angeona ni kitu kidogo. Mimi nilizunguka lango la mwalimu mara mbili kabla ya kubisha. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika gazeti, akasema atakunywa chai ya rangi hadi Jumatatu, kwa usalama, na akaniuliza kama ninasubiri matokeo. Nikasema ndiyo. Ikaisha. Nilishangaa jinsi ilivyoisha haraka.

Mama Zuhura ndiye aliyecheka. Ana duka dogo, mumewe ana bucha mjini, na yeye asili yake ni Lamu ingawa amezaliwa hapa hapa Meru. Alicheka hadi akashika kaunta.

"Kwetu samaki na maziwa ya nazi ndicho chakula chenyewe, mwanangu, na nyinyi mwamwaga maziwa kwa sababu ng'ombe kanusa samaki? Ng'onda wamjua?"

Nikasema simjui.

"Ni huyo huyo wako, ila wa kwetu. Twampasua, twamtia chumvi, twamwanika juani. Bibi yangu alikuwa akitumiwa kutoka pwani, nyumba nzima yanuka wiki mbili. Utampikia wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kila sufuria nyumbani ni ya Cucu, na kila moja imewahi kuchemsha maziwa.

Mama Zuhura aliingia ndani akarudi na sufuria yake nzito yenye kifuniko bapa, na kichupa kidogo cha mafuta ya zeituni. Kilikuwa cha kupaka watoto nywele. Alikisoma mgongoni kwa makini, akasema hakijatiwa manukato, hakitaniua. Kisha akaniambia kuhusu majivu ya kuoshea mikono. Nimeshaandika hapo juu kwamba hayasaidii. Pengine yanasaidia Lamu.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia leo tulikuwa na maziwa yote ya Jumamosi ndani ya nyumba, asubuhi na jioni, hayana pa kwenda. Cucu aliyachemsha, kwa sababu hawezi kuona maziwa yakiharibika hata akiwa amekasirika, akayaacha yapoe. Leo alfajiri yalikuwa na malai mazito juu, ya manjano kidogo.

Hapo ndipo nilipochagua mapishi ya krimu. Nilikuwa nimepanga ya mayai. Maziwa ndiyo yaliyoamua.

Cucu alinusa malai yale kwa muda mrefu, akakumbuka ana mafua, akanipa mimi ninuse. Nikamwambia yananuka maziwa. Akasema, "Chukua yote, basi. Lakini pika nje."

Tulirudi kutoka kanisani saa sita. Niliwasha jiko uani chini ya paa la kuni. Nitaandika nilivyofanya, labda kuna mtu atataka kujaribu, na mimi mwenyewe nitataka kukumbuka.

Samaki baada ya siku mbili alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amenenepa, laini, mweupe kama kiazi. Nilimchemsha polepole ndani ya maziwa, na maziwa hayo sikuyamwaga. Nilimtoa, nikamwambua ngozi, nikamtoa miiba kwa vidole. Nyama yake haivunjiki ovyo kama ya tilapia niliyoonja kwenye harusi moja mjini. Inatoka kwa matabaka mapana yanayoteleza moja juu ya jingine, kama kurasa. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilikaanga vitunguu vingi katika yale mafuta ya nywele hadi vikalegea. Nilikata viazi vya Cucu vipande vidogo vya mraba, nikavikaanga. Nikakoroga unga wa ngano kijiko kimoja na nusu ndani ya maziwa yaliyochemshia samaki, yakawa mazito, nikatia malai. Nikachanganya vyote ndani ya sufuria ya Mama Zuhura. Kwa kuwa hatuna ovena, nilifanya kama tunavyofanya keki: nikapunguza makaa chini, nikafunika, nikapanga makaa mengine juu ya kifuniko.

Wakati huo wote Cucu alikuwa ameketi kibarazani akipukuchua maharagwe, amenipa mgongo. Lakini kila baada ya muda aliuliza.

"Sasa anafanya nini?"

"Anachemka."

Maharagwe yanadondoka kwenye karai.

"Na sasa?"

"Nimemtoa miiba."

"Ana miiba?"

"Mingi, Cucu."

"Nilijua." Na baadaye kidogo, bado bila kugeuka: "Hivyo vitunguu, umetia vingapi?"

Nilipofunua sufuria, juu palikuwa pamepata rangi ya hudhurungi, na pembeni pamebubujika na kuganda. Nilipakua sahani yangu. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikitapika, nitajua siwezi kwenda, na nikila, nitajua ninaweza. Ni aibu kuandika kwamba nilikuwa nimempa samaki kazi ya kuniamulia.

Nilionja.

Ilikuwa tamu. Bado ilikuwa na chumvi zaidi ya tunavyozoea, na ina harufu ya kina ambayo sina neno lake, lakini kiazi kinaibeba na malai yanaituliza. Sehemu ya pembeni iliyoshika moto ndiyo bora. Nilikula sahani nzima, nikapakua ya pili. Nilipoinua kichwa Cucu alikuwa amegeuka ananitazama kama nilivyomtazama Baraka jana.

Alileta kijiko chake mwenyewe. Alichokoa kiazi kimoja cha juu kabisa, akakikagua pande zote, akala. Akachokoa kingine. Alikula viazi vitano au sita hivi, akikwepa samaki kwa ustadi ambao sikujua anao.

"Ni viazi," alisema. "Viazi ni vyangu." Akaenda kukiosha kijiko mara tatu.

Nilikuwa nimeshiba, na nikagundua kwamba bado sijui. Samaki hakuwa ameamua kitu. Nilimpenda, basi. Kupenda chakula cha watu si sawa na kutaka kuamka kila asubuhi kwa miaka mingi ukamwogeshe mtu usiyemjua, katika lugha usiyoijua, kwa sababu siku moja ulishtuka ukanyamaza. Nikiwa nasugua sufuria ya Mama Zuhura kwa mchanga, jambo hilo lilikuja wazi kabisa, bila kelele. Nataka kuiona Ureno. Sitaki kazi hiyo.

Saa tisa Mama akapiga.

Aliuliza kuhusu samaki kabla hata ya salamu. Nikamweleza kila kitu, hata Baraka, na akacheka hadi nikasikia anaweka kitu chini ili acheke vizuri.

"Na wewe umekula?"

"Mara mbili, Mama."

"Kweli? Hukutapika?"

"Ni tamu. Hasa pale pembeni. Wewe ya kwako hupenda sehemu gani?"

"Mimi sijui, Gakii. Mimi sijaonja."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Miaka minne napika, sijaonja. Dona Lurdes ndiye huniambia chumvi imekaa. Mimi nikishamlisha narudi jikoni na ugali wangu. Kuna duka moja lina unga." Akacheka tena lakini kidogo. "Mimi ni mtoto wa Cucu, unajua. Nikimtazama huyo samaki naona nyoka."

Nilikaa na hilo. Kwa miaka minne nimekuwa nikimwona mezani na watu, uma mkononi, amekuwa mtu wa huko. Kumbe alikuwa jikoni peke yake na sufuria ya ugali.

"Basi wewe utaweza kuliko mimi," alisema. "Nashukuru Mungu. Kesho asubuhi napeleka karatasi."

"Mama, sijasema ndiyo."

Nilisikia sauti yangu ikitoka ndogo sana. Nikadhani hakusikia, nikavuta pumzi nirudie.

"Unasema?"

"Siku ile ulipoongea, mimi nilinyamaza tu. Sikusema ndiyo."

"Na hapana ulisema lini?"

"Nasema sasa. Nataka kuja kuona huko, Mama. Nataka sana. Lakini sitaki hiyo kazi. Nataka kungoja matokeo yangu, nisome hapa."

"Ni Cucu amekwambia hivyo."

"Cucu aliniambia niende. Alisema ng'ombe atamkamua mwenyewe."

"Basi ni nani anayekwambia?"

"Ni mimi."

Alikaa kimya muda mrefu. Mimi najua kimya, nimekiishi, na cha Mama sikukijua ni cha aina gani. Nyuma yake nilisikia kengele ndogo; Dona Lurdes humwita kwa kengele.

"Nimeshawaambia watu," alisema. "Nimeshanunua koti." Kisha kwa sauti ya chini, "Kitanda nilikuwa nimeshakitandika, Gakii."

Nikasema najua. Kengele ikalia tena, akasema lazima aandae chakula, akakata simu. Kila Jumapili huniombea kabla ya kukata. Leo hakuniombea.

Cucu alikuwa mlangoni, karai la maharagwe kiunoni.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Na yeye?"

"Amekata."

Akatikisa kichwa polepole. "Huyo alikuwa analia. Hukata simu akilia, tangu zamani." Akapita kwenda kwa Baraka.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Sijisikii shujaa. Ninajisikia kama mtu aliyeondoa kitanda cha mwenzake. Nimegeuza maneno yale kila upande nikitafuta namna ambayo ningeyasema bila kumuumiza, na sijaipata. Na pia, nikijichunguza vizuri, sitaki kuyarudisha.

Dakika kumi zilizopita ujumbe umeingia kutoka kwake. *Karatasi sitapeleka. Koti nitaliweka.*

Nimeusoma mpaka herufi zikaacha kuwa na maana. Kisha nikawaza jambo ambalo linanishangaza kuliko yote ya wiki hii. Tangu mwezi wa kumi swali nyumbani kwetu limekuwa moja: Gakii ataenda lini. Hata Wawira aliniuliza. Na mimi kwa miaka minne, Jumapili zote hizo, sijawahi kumuuliza Mama yeye atarudi lini. Nilidhani mtoto haulizi. Nilidhani yuko mezani na watu.

Nimeandika, *Mama, wewe utarudi lini?* Nimeyasoma mara nne. Nimeyatuma.

Ameona. Juu ya skrini inaonyesha kwamba anaandika. Inaacha. Inaanza tena.